Mpaka Mkono Uote

Jilore,
3 Februari 2024

Kwa mjukuu wangu Kahonzi, unayejiita Nelly huko Kilifi,

Mimi Dzombo wa Sanga nina miaka sabini na saba, na vilivyotaka kunimaliza nimevimaliza mimi. Njaa ya mwaka ule tulipokula mihogo ya sumu nimeimaliza. Mafuriko ya Sabaki yaliyobeba ng'ombe kumi na mmoja nimeyamaliza. Kiwanda cha korosho nilichokifungia mashine kwa mikono yangu kimekufa, mimi nipo. Nimemaliza baiskeli nne, na madaktari wawili walionipa wiki moja, na hawe yako, bibi uliyerithi jina lake, Mungu amweke pema, aliyesema yeye ndiye atakayenizika. Na mamba mmoja. Wote wamepita. Sasa naona nitauawa na huu mkono wa mota ulionipa.

Salamu kwanza, nisije nikaambiwa sina adabu. Hapa wazima. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Mahindi hayana neno la kusema. Barua hii anakuletea Nikhil, mwana wa Bharat wa duka la saruji Malindi, anayeshusha mzigo huku kila wiki mbili. Umeniambia nipige simu. Simu sitaki. Simu hukatika nikiwa katikati ya neno, na neno langu likikatika haliungi. Na nijifunze kuandika kwa mkono wa kushoto nikiwa mzee, nikapita darasa zima la ngumbaru, halafu nisiandike?

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita hapo karakana kwenu ulinivisha mkono huu, ukanibandika vibati viwili kwenye kigutu, kimoja upande wa chini, kimoja upande wa juu. Ukasema, babu, misuli yako ina umeme mdogo. Ukiwaza kufumba kiganja, kibati cha chini kitasikia, mota itafumba. Ukiwaza kufungua, cha juu kitasikia, mota itafungua. Nikakwambia nilikuwa fundi kabla hujazaliwa, usinifundishe mota.

Kufumba, Kahonzi, hakuna wa kunishinda. Nimekunja kikombe cha bati. Nimevunja yai, nikavunja la pili, la tatu nikaacha maana kuku alikuwa akinitazama. Lakini kufungua hakuna! Nawaza kufungua mpaka jasho linanitoka, mkono umekaa tu kama mtu aliyenuna.

Jumatano tulikuwa na kikao cha wazee juu ya mpaka wa shamba. Nikaingia na shati jipya. Mzee Randu, yule rika langu mwenye meno ya kununua, akanipa fimbo yake niishike, ati aone nguvu. Nikaishika. Nyiii, mota ikalia, watu wakapiga makofi. Halafu Randu akasema:

"Haya Dzombo, niachie fimbo yangu."

"Chukua."

"Nichukueje nawe umeishika?"

"Si mimi. Ni mota."

"Basi iambie."

"Nimeiambia, haisikii."

"Umeiambia kwa Kiswahili hiyo. Iambie kwa Kigiriama, mwenye mkono si Mgiriama?"

Wakacheka mpaka mwenye kesi ya mpaka akasahau mpaka wake. Tukaondoka wawili tumeshikana fimbo, njia nzima tunagombana nani hapo kipofu na nani mwongozaji. Tulipofika njia panda nikauvua mkono wote nikamwachia. Akaenda kwao na fimbo yake, na mkono wangu unaning'inia kwenye fimbo. Ulikaa kwa Randu siku mbili mpaka Nikhil alipokwenda kubonyeza kile kitufe cha dharura ulichosema nisikiguse.

Mimi sitaki mambo makubwa. Sitaki kushona nguo wala kupiga gitaa. Nataka kumpa mtu mmoja mkono wa kulia, kisha aondoke nao salama. Ni nani, usiulize. Sasa nikimshika nisimwachie, itakuwa salamu hiyo au kifungo?

Nijibu upesi. Ukitaka shahidi wa mambo ya fimbo muulize Randu, lakini usimwamini.

Babu yako,
Dzombo wa Sanga


Kilifi,
24 Februari 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mbuzi na pacha wake. Sisi huku sote wazima. Mama yangu Pamela anakusalimu sana, siku hizi anashona mapazia ya hoteli. Mdogo wangu Owen amepita mtihani na amekuwa mrefu, anainama mlangoni.

Barua yako niliisoma kwa sauti karakana. Naznin, mkuu wetu, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Hilo la kushindwa kufungua si la kuchekwa." Akafungua kompyuta tukatazama vipimo vyako vya Januari. Kuna mistari miwili, babu. Mwekundu ni wa kufumba. Wa kwako unapanda mpaka unagonga juu ya kioo. Wa kijani ni wa kufungua, nao umelala chini, kama haupo.

Siku ile nilikuuliza: huo mkono usiokuwepo, bado unausikia? Ukanijibu, "Nausikia. Umefumba." Nikauliza tangu lini, ukasema, "Tangu siku ile." Sikuliandika jibu hilo, nikadhani ni utani. Naznin anasema si utani. Amewahi kuwaona watu watatu ambao mkono uliokatwa ulibaki vilevile ulivyokuwa dakika ya mwisho. Kama ulikuwa umefumba, unabaki umefumba. Mtu huwaza kufungua, lakini msuli wake bado una kazi ya siku ile.

Kwa hiyo naomba uniandikie, bila kupamba: siku ile mkono ulikuwa umeshika nini, na uliumia vipi hasa? Usinikasirikie. Ninauliza kama fundi.

Futa jasho kwenye kigutu kabla ya kuuvaa, vibati havisikii vizuri penye maji. Usichaji betri juani. Na kile kitufe, babu, ni cha dharura kweli.

Mjukuu wako,
Nelly Kahonzi


Jilore,
17 Machi 2024

Kahonzi,

Marahaba. Hapa wazima, ila pacha mmoja wa mbuzi amekufa na wa pili anakula kofia yangu. Umeandika "sote wazima". Sote ni wangapi? Sikuulizi. Nimesoma tu.

Unaniuliza niliumia vipi! Mjukuu wa damu yangu! Habari ambayo hata watoto wa Malindi wanaijua, wewe uliyeisikia tangu uko shule ya msingi unaniandikia niieleze "bila kupamba", kana kwamba naeleza kwa askari. Haya. Chukua kalamu.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilishuka Sabaki kuosha baiskeli. Nikaona gogo. Nikasema, gogo hili jana halikuwepo. Gogo likafumbua macho. Mwingine angekimbia. Mimi nikawaza, nikikimbia ataichukua baiskeli. Akaruka, akanidaka mkono. Nikamwambia, "Unanijua mimi?" Nikaupitisha mkono wangu mpaka ndani, nikamshika ulimi. Nikaukamata ule ulimi, nikauzungusha mara mbili kiganjani kama mtu anayekamua nguo. Tulivutana toka jua la saa nne mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika ng'ambo. Alichukua mkono, lakini ulimi wake alikwenda nao umelegea, na siku ya tatu alielea tumbo juu.

Kwa hiyo jibu lako: nilikuwa nimeshika ulimi wa mamba. Andika hivyo kwenye kompyuta.

Mashahidi walikuwa Mwambire wa kivukoni na Mzee Simeon aliyekuwa akikata matete. Wote marehemu. Mamba pia marehemu.

Mkono bado haufungui. Jana umeshika mlango wa choo.

Dzombo


Kilifi,
30 Aprili 2024

Babu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Nikhil ametuambia mvua imeikata njia ya Jilore na lori lililala Malindi wiki mbili. Poleni. Mama anakusalimu, anauliza paa lako linavuja? Owen amevunja kioo cha jirani kwa mpira. Wazima.

Nilimpelekea Naznin habari ya mamba. Akaisoma mara mbili, akaniuliza neno moja tu: "Meno yako wapi?"

Babu, nimekishika kigutu chako kwa mikono yangu. Kovu lako linakizunguka kama kamba iliyofungwa kwenye shina la mti, kisha linapanda kwa kusokota mpaka karibu na kiwiko. Meno hutoboa. Hiki kilichokuumiza hakikutoboa, kilisokota. Wala sikubishii kwa kupenda ubishi. Penye meno, msuli hukatika pale ulipong'atwa, na ulio juu yake hubaki mahali pake. Kinachosokota huuvuta msuli mzima ukahama. Kama umehama, basi mimi nimekiweka kibati cha kufungua mahali ambapo msuli haupo, nawe unapiga kelele kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mashahidi wako wote wamekufa, babu. Hata wa hadithi zako nyingine, yule wa baiskeli ya kwanza, yule wa nyuki, yule wa jini wa Gongoni. Sijawahi kusikia umemtaja shahidi anayepumua.

Nikwambie jambo. Nilipokuwa darasa la saba nilipigana na msichana aliyesema babu yangu hakung'atwa na mamba. Nilichanika sare. Na nilipokwenda kuomba kusomea kazi hii, waliniuliza kwa nini unataka kutengeneza viungo vya watu. Niliwapa mamba wako, na ulimi wake, wakanichukua. Sisemi zaidi ya hapo.

Mkono huu si mali yetu, unalijua hilo. Karakana ina mmoja tu wa kulia wa majaribio. Ijumaa tarehe 28 Juni Naznin atapima. Asiyeweza kufungua, mkono unapewa anayefuata. Yuko mama mmoja wa Vitengeni anausubiri.

Niandikie ukweli, babu. Ni baina yetu.

Nelly


Jilore,
19 Mei 2024

Kahonzi,

Paa linavuja, mwambie mama yako, lakini linavuja mahali pazuri. Wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeikasirikia mahali papya. Kwanza, "Meno yako wapi?" Mwambie Naznin ampate mamba amuulize yeye. Pili, mashahidi. Nina miaka sabini na saba, ulitaka mashahidi wangu wawe wapi, shule ya chekechea? Tatu, Vitengeni. Kilifi nzima ina mama wengi, wa Ganze, wa Bamba, wa Kaloleni, kwa nini kalamu yako iende Vitengeni? Nani amekwambia Vitengeni? Usinijibu.

Nikueleze kwa nini nilikubali kuvaa chuma chenu, kwa sababu naona unadhani ni tamaa. Miaka mingi nyuma, mbele ya wazee, palipokuwa na mtu mmoja aliyenikatiza maneno yangu hadharani, niliapa. Nilisema, "Wewe sikupi tena mkono wa kulia mpaka mkono huu uote." Nikainua kigutu wote wakakiona. Akaondoka. Kiapo ni kiapo, mimi si mtu wa kurudi nyuma kama kaa. Lakini uliponiambia kuna mkono wa mota unaosikia msuli wa mtu mwenyewe, nikawaza, huu si umeota huu?

Nilimweleza Randu. Akasema, "Hapana, Dzombo. Mkono haukuota. Umeletwa na lori la saruji."

Nikamwambia, "Na meno yako yaliota?"

"Meno yangu sikuyaapia."

"Lakini unatafunia."

"Natafunia. Wewe wako hata kuachia mlango wa choo hauwezi. Ukiweza kushika na kuachia kama mkono wa mtu, nitakuwa wa kwanza kusema umeota."

Haya, umeelewa sasa? Au bado unataka kuniandikia habari ya kovu?

Nimechoka. Mkono wako huu hapa, nimeutia kwenye mfuko wa saruji, Nikhil anakurudishia. Mpe huyo mama wa Vitengeni, afumbe mpaka achoke. Waya wa chaji nimebaki nao kwa bahati mbaya.

Shahidi wa kiapo ni Randu, na wazee wengine sita. Hao wako hai, ili usiseme.

Dzombo


Kilifi,
8 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Mama anakusalimu, Owen anakusalimu.

Mkono nakurudishia. Kibati cha juu nimekisogeza vidole vitatu kuelekea kiwiko. Nimebahatisha kwa kufuata kovu, maana hukuniambia kitu. Pengine msuli uko hapo. Pengine haupo.

Sitakuuliza tena habari ya siku ile. Ila jaribu jambo moja ukiwa peke yako. Acha kuwaza kufungua. Kumbuka tu ulikuwa umeshika nini, kitu chenyewe, si kile unachotusimulia, kisha kiachie.

Mpaka kwenye lori sikuubeba mimi. Kuna mtu alinisaidia. Mfuko ulikuwa na vumbi la saruji, akautoa mkono, akaufuta kwa shati lake, kidole kimoja kimoja, na kidole gumba mara mbili. Akampa Nikhil.

Tarehe 28 ni Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Nelly


Jilore,
23 Juni 2024

Kwa mjukuu wangu Kahonzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama yako Pamela, kwa Owen, na kwa huyo aliyeufuta mkono kwa shati. Hapa wazima. Mbuzi ameshiba kofia yote. Paa nimeziba mwenyewe, nimeshika bati kwa mkono wa mota na kugonga msumari kwa kushoto, na nikaliachia bati nilipotaka. Umesoma hapo? Nilipotaka.

Kaa chini nikueleze, na usinikatize.

Ilikuwa Vitengeni, siku ya Alhamisi, kwenye kinu cha unga. Tulikwenda wawili, mimi na baba yako Mwaro, na magunia mawili ya mahindi. Huku Jilore kinu kilikuwa kimeharibika. Kule foleni ilikuwa ndefu, na mkanda wa injini ukawa unateleza unataka kutoka kwenye gurudumu. Mwenye kinu akasema, "Ngojeni nizime." Nikasema, uzime kwa nini? Mimi nimefunga mashine za kiwanda cha korosho, mkanda naurudisha injini ikiwa inanguruma. Nikachukua mpini wa jembe nikausukuma. Watu wakasogea kutazama. Na kweli, mara mia nilikuwa nimefanya hivyo.

Mkanda ukaukamata mpini.

Baba yako alikuwa nyuma yangu. Akapiga kelele, "Richa, baba! Richa!" Yaani achia, kwa lugha yetu. Alisema mara tatu. Nilimsikia, Kahonzi. Zote tatu nilizisikia. Ningeachia kwa ile ya kwanza, leo ningekuwa nakuandikia kwa mkono wa kulia. Nilikaza kwa sababu watu walikuwa wakitazama, na kwa sababu anayeniambia ni mtoto wangu. Nikawaza, atanifundisha huyu? Mpini ukaenda na mkono ukaufuata.

Yeye ndiye aliyezima injini. Yeye ndiye aliyevua shati akanifunga nalo.

Hospitali nililala wiki saba. Nikawa natazama dari nawaza, nitarudije Jilore, mimi fundi Dzombo, niliyeliwa na mkanda wa kinu cha unga? Kina mama watanisimulia wakipepeta. Mamba ana heshima yake. Nikarudi na mamba.

Baba yako alivumilia mamba miezi minane. Siku moja kwenye kikao kwa Randu nilikuwa nimefika pale penye ulimi, akasimama, akasema kwa upole, "Baba, yatosha sasa. Ilikuwa kinu." Hakunitukana. Nami nikamwita mwongo mbele ya wazee saba, nikaapa kile kiapo ulichokisoma. Akachukua begi, akakuchukua wewe na mama yako na Owen, mkaenda Kilifi. Wewe ulikuwa unalia kwa sababu ya paka. Nakumbuka.

Sasa nikueleze ya juzi. Mkono ulipofika niliuvaa uani, asubuhi, hakuna mtu. Nikachukua mpini wa jembe nikaushika. Nyiii. Nikawaza kufungua. Wapi! Nikasema kwa sauti, "Fungua!" Wapi! Nikasema, "Achia!" kama ulivyoniandikia. Vidole vikatikisika kidogo, vikalala. Nikakaa hapo nimeshika mpini kama mjinga, na mkono ule mwingine, usiokuwepo, nao umeushika mpini wake wa Vitengeni, umeukaza, miaka yote hii. Nikauona kabisa. Ndipo sauti ya baba yako ikanijia. Nikasema kama alivyosema yeye.

"Richa."

Nyiii. Vidole vikafunguka, mpini ukaanguka, ukanipiga kidole cha mguu. Nimepigwa na vitu vingi maishani, hakuna kilichonifurahisha kama kile. Nikauokota nikaushika tena, nikasema, ukafunguka. Mara arobaini. Mara ya arobaini na moja sikusema, niliwaza tu, ukafunguka. Na ule usiokuwepo, Kahonzi, sijui kama Naznin ana jina la jambo hili, ule nao umelala wazi sasa. Nimelala usingizi kama mtoto.

Kwa hiyo Randu alikuwa na haki kuhusu Kigiriama, na ukimwambia nitakana.

Jana nikawaita wazee walewale saba, Randu na wale wengine sita. Nikasimama, nikawaeleza kinu, na mpini, na mwanangu. Nilipomaliza, Randu akajikuna, akasema, "Tulijua."

"Mlijua? Tangu lini?"

"Tangu ulimi. Dzombo, mamba ulimi wake umegandana na taya la chini. Haushikiki. Kila mtu wa mtoni anajua."

"Miaka kumi mmekaa mnanisikiliza!"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri."

"Na mwanangu? Nilipomwita mwongo mkanyamaza!"

Hapo hakuna aliyecheka. Wakatazama chini. Randu akasema, "Hilo kosa letu, nalo hatulikani. Tulimngoja baba mtu aseme mwenyewe." Kisha akaninyooshea fimbo yake. Nikaishika. Wote wakainama kutazama. Nikaiachia, ikabaki mkononi mwake. Akaigeuza, akaikagua kama imepungua, akasema, "Umeota." Na wale wengine wakaitikia mmoja mmoja, umeota, umeota, mpaka zikafika sauti sita.

Ijumaa nitakuja na lori la Nikhil. Naznin apime anavyotaka, mstari wa kijani nitaupandisha mpaka auzime mwenyewe. Huyo mama wa Vitengeni mtafutieni wake, nami nitakuja kumfundisha kushika na kuachia, maana kushika peke yake nimeona hakumfikishi mtu mbali. Lakini sitaki kuanzia karakana. Nikhil atanishusha kwanza Bofa, kwenye geti la ile hoteli anakofanya kazi baba yako. Ulidhani sijui? Nikhil hunieleza kila kitu, najua hata ua aina gani hupogoa.

Mimi Dzombo wa Sanga nina miaka sabini na saba. Njaa, mafuriko, kiwanda, baiskeli nne na madaktari wawili, hao nimewamaliza kweli, waache kwenye orodha. Mamba umtoe. Na kama yupo wa kuuliza haya niliyoandika ni kweli au ni uongo wa mzee, shahidi wangu safari hii anapumua. Alikuwepo nyuma yangu, alisema mara tatu, na shati lilikuwa lake. Anaitwa Mwaro wa Dzombo. Muulizeni yeye. Yeye hasemi uongo.